Historia ya Breda Lapajne, Aliyeishuku Hata Kazi ya Mikono Yake

Ndugu wa ukoo, majirani wa Idrija na wa Ljubljana, wenzake wa maabara, nanyi wanafunzi wake mliofika kwa basi la asubuhi, mimi ni Ciril Lapajne, kaka wa marehemu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na nimesimama hapa kwa niaba ya mume wake Silvo na binti yao Tinkara, kuwasomea maisha ya mdogo wangu Breda, kama alivyoniagiza mwenyewe mwezi Agosti, kwa sharti kwamba aione karatasi kabla ya kufa. Aliiona. Alichukua penseli, akafuta "mwanasayansi mashuhuri", akafuta "mpendwa wa wote", akaniuliza, "Kaka, hao wote uliwahesabu?", na mengine aliyoyafuta sitayasema, kwa kuwa yamefutwa.

Breda alizaliwa tarehe 11 Februari 1964, hapa Idrija, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Lovrenc Lapajne, mchimbaji wa zebaki, na mama Frančiška, aliyesuka lesi kwa vijiti vya mbao kuanzia alipomaliza kuosha vyombo mpaka macho yalipomkatalia. Alikuwa mtoto mpole, mwenye afya, asiyeamini kitu. Jioni ya tarehe 5 Desemba 1970, Mtakatifu Nikola alipoingia nyumbani kwetu na ndevu za pamba na mfuko wa zawadi, mimi nilipiga magoti kama nilivyofundishwa, lakini yeye, wa miaka sita, alimtazama mtakatifu kuanzia chini, akasema, "Baba yangu anakutafuta, umemchukulia viatu vyake." Mama alicheka, baba alikasirika, Breda alipewa machungwa yake, akayanusa kwanza ndipo akayala.

Alisoma shule ya msingi hapa mjini kuanzia Septemba 1971 hadi Juni 1979, akaendelea na sekondari hapa hapa hadi Juni 1983, na katika miaka hiyo yote, kila Jumamosi, alikaa karibu na mama akijifunza lesi. Mama alikuwa na msemo kwamba lesi haisukwi kwa macho bali kwa hesabu, kwa maana uzi mmoja ukivuka mahali pasipo pake, kosa halionekani pale pale, huonekana vidole vitano mbele, na hapo hakuna dawa ila kufumua. Breda alijifunza kufumua kabla ya kujifunza kusuka. Oktoba 1983 alijiunga na chuo kikuu jijini Ljubljana kusomea kemia, akahitimu mwaka 1988, na mwaka 1995 akapata udaktari wake katika elimu ya protini.

Alikutana na shemeji yetu Silvo Rupnik mwaka 1989, lifti ya jengo la kemia ilipokwama yeye akiwa ndani, na Silvo, fundi wa lifti, alipofanikiwa kuufungua mlango, Breda hakutoka mara moja, alibaki ndani akamuuliza, "Cheti chako kiko wapi?" Silvo anasema alikuwa mtu wa kwanza kumwomba cheti tangu akipate, na kwamba siku hiyo hiyo aliamua kumwoa, maana mwanamke wa namna ile hangeweza kudanganywa na mwanamume mwingine. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Juni 1991, wakaenda Bohinj kwa fungate, Jumanne nchi yetu ikajitangazia uhuru, na Alhamisi barabara zikafungwa kwa vizuizi vya vita, wakarudi nyumbani wakiwa raia wa nchi mpya, baada ya siku sita, sehemu kubwa kwa miguu. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Tinkara, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1994.

Tarehe 1 Oktoba 1996 aliajiriwa katika taasisi ya utafiti jijini Ljubljana, ambako alifanya kazi hadi ugonjwa ulipomzuia. Wengi mmeniuliza tangu juzi alikuwa anatengeneza nini hasa, nami nitawaeleza kama nilivyowaeleza watoto wa darasa la tatu, kwa sababu ndivyo nilivyoelewa mwenyewe. Protini ni uzi mrefu wenye shanga za aina ishirini, na mpangilio wa shanga ndio unaoamua uzi ujikunje vipi. Breda na wenzake walibuni mpangilio mpya, ambao haupo kwa mnyama wala mmea, wakauandika katika jeni, wakaitia jeni ndani ya bakteria, na bakteria, ambao hawaulizi maswali, wakausokota ule uzi kama walivyoagizwa. Mpangilio ukiwa sahihi, nyuzi hujikunja zenyewe, hushikana zenyewe, na kuwa kizimba kidogo chenye nafasi ndani, bila mkono wa mtu kugusa, kidogo kiasi kwamba zaidi ya elfu tano vingejipanga katika upana wa unywele mmoja. Tumaini lao lilikuwa kwamba siku moja vizimba hivyo vitabeba dawa mwilini na kuishusha mahali panapouma tu.

Sasa nafika mahali ambapo Breda alinikataza kupita haraka.

Mwaka 2011 kiongozi wa kikundi chao alikuwa Dkt. Gorazd Peternelj, mtu wa milima ya Cerkno, jirani yetu kwa hiyo, ambaye alikuwa amebuni kizimba cha mviringo kama mpira, chenye vipande ishirini na vinne vinavyofanana. Ijumaa tarehe 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martini, wakati kila nyumba ilikuwa inafungua divai mpya, hadubini ya elektroni iliwaonyesha mamia ya vimpira vidogo, safi, vya upana ule ule waliouhesabu, na maabara nzima ikapiga makofi, chupa ikafunguliwa, bata bukini akaletwa kutoka mgahawani. Breda peke yake hakuonja.

Gorazd alimwambia, "Breda, kunywa basi, hata Mtakatifu Martini ameridhika."

Breda akajibu, "Mtakatifu Martini hajaonyeshwa chupa tupu."

Chupa tupu ni desturi ya kazi yao. Kila wanapokuza bakteria waliopewa jeni mpya, hukuza pembeni yao ndugu zao ambao hawakupewa chochote, na kuwapitisha katika hatua zile zile hadi mwisho, ili kujua kipi kimetoka kwa jeni na kipi ni cha bakteria wenyewe. Wiki ile, kwa sababu ya haraka, chupa tupu haikuwekwa. Breda aliiweka Ijumaa ile ile, na Jumatatu bakteria wasiopewa kitu walionyesha vimpira vile vile, vya upana ule ule. Kumbe bakteria wana ghala lao wenyewe la kuhifadhia madini ya chuma, nalo ni la mviringo, nalo lina vipande ishirini na vinne. Mtu asiyejua kazi ile hangeweza kukosea hivyo, maana lazima uwe umeota vipande ishirini na vinne kwa miaka mitatu ndipo ukutane na vipande ishirini na vinne vya mwingine, uvikumbatie ukidhani ni watoto wako.

Dkt. Peternelj alikuwa ameshatuma makala kwa jarida, ikabidi aiombe irudishwe. Alimwambia Breda mbele ya wote, "Ulikuwa unatafuta ukweli, au ulikuwa unatafuta kiti?" Naye, aliyekuwa na ulimi, akamjibu, "Kiti chako kina mguu mbovu, baki nacho." Lakini Aprili 2012 Gorazd aliacha kazi akahamia Trieste, na tarehe 1 Juni kiti hicho alipewa Breda, na kuanzia siku hiyo watu walinyamaza alipoingia kwenye chumba cha kahawa.

Nami nilimshuku. Sikufuta mstari huu, na yeye hakuufuta. Tarehe 1 Novemba 2012, siku ya Watakatifu Wote, tulipokuwa tumetoka kuwasha mishumaa kwenye makaburi ya wazazi na tumekaa mezani kwangu, nilimuuliza kwa sauti yangu ya darasani, ile ya upole ambayo watoto huiogopa kuliko kelele, "Breda, ile chupa tupu ungeiweka kama kiti kisingekuwepo?" Aliinuka, akachukua koti, akaondoka kabla mkate wa sikukuu wenye kokwa za jozi haujakatwa, na hakunipigia simu hadi Februari. Alipopiga alisema, "Nimelifikiria swali lako, kaka, sina jibu, na ubaya ni kwamba sasa ninaliuliza kila siku."

Tangu mwaka 2014 alifanya kazi ya kwake, kizimba cha uzi mmoja tu, uzi wenye sehemu ishirini na nne, kila sehemu ikiwa na pacha wake mahali fulani mbele au nyuma, na mapacha wakikutana hujisokota pamoja kuwa ubavu, na mbavu kumi na mbili zikisimama hutoa umbo lenye nyuso nane za pembetatu. Alishindwa mara arobaini na saba. Silvo alikuwa akimtania wakati wa chakula, "Mimi lifti yangu ikikwama watu hupiga kelele, chako kikikwama nani atajua?" naye akimjibu, "Nitajua mimi, lete chumvi."

Jumanne tarehe 18 Mei 2021 kizimba kilionekana, na chupa tupu pembeni yake ilikuwa tupu kweli. Wenzake walitaka kutangaza. Breda alikataa mwaka ule, akakataa mwaka uliofuata, na alipobanwa alisema, "Chupa tupu imeandaliwa na mimi, ninayetaka iwe tupu. Gorazd naye alikuwa mtu mwaminifu." Wapo waliosema kwamba mwanamke huyu anaogopa kupimwa kwa kipimo alichompimia mwenzake. Nilisikia, na kwa aibu nasema kwamba sikukanusha.

Jumatatu tarehe 9 Januari 2023 madaktari walimwambia kwamba ana saratani ya kongosho, nayo imeshasambaa. Mwezi Februari alirudi Idrija, katika nyumba ya wazazi ninamoishi mimi, Silvo akamfuata na masanduku, na Tinkara akawa anakuja kila Ijumaa. Wiki ya pili ya Machi alituita chumbani akasema kwamba kizimba chake kijaribiwe upya, tangu mwanzo, na mtu mmoja tu, Gorazd Peternelj wa Trieste.

Silvo alisimama. "Breda, unamkabidhi fisi bucha!"

"Ndiyo," alisema Breda. "Fisi akisema nyama haijaoza, nani atabisha?"

"Na akisema imeoza?"

"Basi nitakuwa nimemtoa mtu kazini kwa kosa ambalo hata mimi nimelifanya, na ni vizuri nilijue hilo nikiwa hai."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinamwuma, na hakikuwa kongosho peke yake.

Tarehe 14 Machi niliipeleka bahasha posta mwenyewe. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi chenye duara la penseli, na katikati ya duara tone la jeni lililokaushwa, kwa sababu ndivyo watu hawa wanavyotumiana kazi ya maisha yao. Nilitaka itumwe kwa rejesta. Mhudumu aliniuliza kilichomo, nikasema ni karatasi yenye duara, akaniuliza thamani yake, nikasema ni miaka tisa, akaniambia, "Mwalimu, nenda kapumzike."

Aprili ikapita, Mei ikapita, Juni na Julai zikapita, na kutoka Trieste hakuna neno. Breda hakuuliza. Mimi nilipiga simu mara mbili kwa siri, nikaambiwa Dkt. Peternelj yuko kazini. Nilianza kuamini kwamba anasubiri Breda afe, ili aseme atakalo bila wa kumjibu, na tarehe 6 Agosti nilimwandikia barua ya kurasa tatu, kama mtu anayemwandikia mzazi wa mtoto anayewapiga wenzake, nikamwambia kwamba kisasi juu ya mgonjwa si ushindi. Hakujibu.

Jumatano tarehe 20 Septemba barua yake ilifika. Niliifungua jikoni, jambo ambalo sikuwa na haki nalo, nikaisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaingia chumbani, nikaketi, nikamsomea kwa sauti kwamba chupa tupu ilikuwa safi na vizimba vyote vimesimama.

"Vyote?" aliuliza.

"Vyote."

"Katika joto gani?"

Nilitazama karatasi. "La kawaida."

"Kaka, umefundisha watoto kusoma miaka thelathini na tisa. Umewahi kumpa alama mtoto anayesoma anachotamani?"

Nikampa barua. Ilikuwa imeandikwa kwamba jaribio limerudiwa mara tano, na ndiyo maana limechukua miezi sita, kwamba chupa tupu tano zilikuwa safi, kwamba katika joto la maabara vizimba vyote vilisimama, na kwamba katika joto la mwili wa binadamu nusu yake ilifumuka ndani ya saa moja. Nilidhani neno lile la nusu lingemuua. Badala yake alicheka, akacheka mpaka Silvo akaja mbio kutoka nje, akatuambia, "Angetaka kuniangamiza angesema hakuna. Angenihurumia angesema vyote, kama huyu mwalimu hapa. Nusu haitungwi na mtu. Nusu ni jibu la kizimba chenyewe. Nipeni simu."

Tinkara, aliyekuwa amechukua likizo kumwuguza, alimpigia, akaiweka simu juu ya mto ili sote tusikie, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja walizungumza.

"Gorazd, umechoka kunichukia?"

"Bado. Nimepumzika kidogo tu."

"Ni ubavu wa saba unaofumuka?"

"Wa saba na wa nane. Wa nane ulidhani sitauona?"

"Wa nane sikuujua," alisema Breda, na nilisikia furaha katika sauti yake. "Mwaka ule wa chupa tupu, uliamini kweli nataka kiti chako?"

Tinkara aliongeza sauti ya simu.

"Niliamini," alisema Gorazd. "Mpaka mwezi Machi, nilipofungua bahasha."

"Mimi bado sina hakika."

"Basi endelea kujishuku peke yako, bibi wewe, mimi nimemaliza."

Kwa siku nane zilizofuata walizungumza kila mchana juu ya ubavu wa saba na wa nane, shanga ipi itolewe na ipi iwekwe, wakagombana, akamwita mbishi, akaitwa mkaidi, na daftari ambalo Tinkara aliandikia maneno yao liko Trieste. Tarehe 29 Septemba sauti ilimpotea. Jumanne tarehe 3 Oktoba 2023, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, Silvo akiwa amemshika mkono wa kulia na Tinkara wa kushoto, Breda alivuta pumzi ya mwisho nyumbani alikozaliwa.

Ameacha mume, binti, kaka, wanafunzi kumi na wawili aliowafikisha kwenye udaktari, na makala moja ambayo haijatoka, itakayokuwa na majina mawili, lake na la Dkt. Peternelj, na katika mstari wake wa kwanza imeandikwa kwamba nusu hufumuka.

Familia inawashukuru madaktari wa Ljubljana, waliomwambia ukweli kila alipouliza, na aliuliza sana, muuguzi aliyepanda kilima chetu kila asubuhi hata siku za mvua, majirani waliotuletea žlikrofi, vile vidonge vyetu vya unga vyenye viazi ndani, kwa sufuria zao, ambazo tunaomba mzichukue baada ya kula nasi pale mgahawani, na wenzake wa maabara, hata wale walionyamaza kwenye chumba cha kahawa, maana mmekuja. Na wewe Gorazd, uliyesimama kule nyuma kana kwamba hukualikwa, mimi mwalimu wa watoto nilikuandikia kurasa tatu za shutuma wakati wewe ulikuwa unarudia jaribio la dada yangu kwa mara ya nne, ili asitilie shaka hata chembe. Nimekosa, nakuomba radhi mbele ya watu hawa wote, na nakuomba usogee mbele, usimame na familia.

Breda, mdogo wangu, nimesoma kilichoandikwa, sikuongeza kitu ila siku zako za mwisho na radhi yangu. Tulia sasa, pumzika, hizo mbavu mbili zina mtu wa kuzishuku.